Breki ya Nyuma Tutamalizia Baadaye

Pikipiki ile ilikuwa na jina lake ndani ya nyumba, na jina lenyewe lilikuwa Mke Mwenza. Aliyeipa ni mama wa nyumba hiyo, fundi cherehani, siku za mwanzo za ndoa yake, alipogundua kwamba mumewe akirudi kazini huifuta kwanza pikipiki vumbi ndipo aingie ndani kumsalimu. Mume hakukana. Alikuwa msoma mita, mtu wa kuzunguka mitaa kutwa nzima akichungulia visanduku vya umeme vya watu, na alijua fika nani anayemrudisha nyumbani salama kila jioni. Majirani nao walimbandika jina, Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiikimbiza pikipiki, hata mvua ikiwa inamnyeshea mgongoni.

Sasa Taratibu hayupo, ni miaka kadhaa, na Mke Mwenza amebaki ukumbini amefunikwa shuka la maua, alilolishona fundi kwa kipimo, likiwa na mifuko miwili ya kuingizia vioo. Watu walimshauri auze. Aliwajibu kwamba wanawake wawili waliofiwa na mume mmoja hawauzani. Wakacheka, naye akacheka nao, na habari ya kuuza ikaishia hapo, kama alivyotaka.

Shughuli ilianza pale binti yake, muuguzi aliyetoka chuoni juzijuzi, alipopata kazi kwenye zahanati iliyo nyuma ya kilima. Kufika huko ni kupanda mpaka kileleni, kisha kushuka mteremko mrefu wenye kona, ule ule ambao baba yake alikuwa akiushuka kimya, hata umsemeshe nini hakujibu mpaka mfike chini. Binti alijua kuendesha. Baba alimfundisha kwenye uwanja wa shule alipokuwa sekondari, na leseni akaitafuta mwenyewe baadaye. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu, gari la abiria upande ule hupita likijisikia, na pikipiki ipo ukumbini imevalishwa shuka la maua. Akaomba.

Mama hakukataa. Siku nzima alishona magauni mawili na kufumua moja, na usiku wakati wa kula akatoa masharti. Pikipiki itatoka, lakini kwanza breki ya nyuma imaliziwe, maana baba yake aliiacha katikati. Na imaliziwe kwa mafuta yale yale aliyoyanunua yeye. Breki ya mbele isiguswe kabisa, kwa sababu hiyo marehemu aliimaliza kwa mkono wake.

Mafuta aliyoyasema yalikuwa kwenye rafu juu ya cherehani, katikati ya vigurudumu vya uzi na kopo la vifungo. Ilikuwa chupa ndogo ya plastiki, nusu tupu, lebo yake imefifia. Kila alipopangusa vumbi alipangusa rafu yote akaizunguka chupa, asiinyanyue. Matokeo yake chini ya chupa palibaki duara ambalo halikuwahi kufutwa tangu siku ile.

Siku ile ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Taratibu hakumpelekea mtu breki zake. Injini angempelekea fundi wa gereji, tairi pia, lakini breki alizibadilisha mafuta mwenyewe uani, na msaidizi wake alikuwa mmoja tu, mkewe. Kazi yenyewe inataka watu wawili wanaoelewana. Mmoja anakanyaga breki na kuishikilia chini. Mwingine, aliyelala ubavu kando ya gurudumu na spana mkononi, anafungua kidogo nati iliyo kwenye breki, na mafuta machafu yanatoka pamoja na upepo, yanapita kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani, yanaingia kwenye chupa ya jemu. Anafunga nati. Hapo ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla nati haijafungwa, breki inavuta upepo ndani, na mnarudi mwanzo.

Wao walirudi mwanzo mara moja tu, na hadithi yake ilisimuliwa nyumbani mpaka binti akaijua kama wimbo. Majirani walikuwa wanahamia, wanapitisha kabati langoni, na yule wa nyuma amelemewa anauliza kwa sauti ya kuomba huruma wafanyeje. Taratibu hakuweza kumwona mtu ana mzigo akakosa kumpa ushauri. Akiwa chini ya pikipiki, nati iko wazi, akapaza sauti akamwambia jirani, "Achia hapo hapo." Jirani aliachia kabati. Na mkewe aliachia breki. Upepo ukaingia wote, kazi ya asubuhi nzima ikaharibika, na badala ya kugomba yule bwana alilala chali pale pale kwenye sakafu ya ua akacheka mpaka akapaliwa.

Baada ya hapo maneno yakapigwa marufuku kwenye kazi ile. Akishafunga nati, Taratibu aligonga fremu ya pikipiki kwa spana mara mbili, ngo, ngo, na mkewe asiposikia hivyo haachii, hata dunia ipinduke. Binti hakulijua hilo la kugonga. Yeye siku za breki alitumwa sokoni, au alijituma mwenyewe kwenda kwa rafiki zake.

Jumamosi ya mwisho walimaliza mbele vizuri. Mafuta mapya yalipoanza kutoka meupe bila hata povu moja, Taratibu alikaza nati, akagonga, akasimama kuhamia nyuma na chupa yake mkononi. Akasimama kidogo. Akasema kifua kinambana, anakwenda kujinyoosha kwenye kochi dakika mbili tatu. Aliiweka chupa kwenye rafu ya mkewe akipita, akasema, "Breki ya nyuma tutamalizia baadaye." Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana. Yaliyofuata yalikuwa ya maumivu tu, na mkewe hakuyahesabu.

Basi ndiyo maana ya masharti, na mtu yeyote mwenye moyo angeyaelewa. Binti aliyaelewa. Lakini alikuwa muuguzi, na wauguzi wana ugonjwa wao mmoja: wakiona chupa iliyofunguliwa siku nyingi, mikono inawawasha kuitupa. Jumamosi asubuhi alitandika magunia uani, akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akatoa kwenye mfuko glavu, miwani ya kinga, na chupa mpya ya mafuta ya breki iliyofungwa bado, ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki cha pikipiki.

Fundi aliiona ile chupa mpya. Alikwenda akachomoa ufunguo wa pikipiki, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akakaza fundo.

Binti alijaribu kumweleza polepole. Alisema mafuta ya breki yakishafunguliwa hayawekwi. Alisema hata yaliyomo ndani ya pikipiki, ya mbele na ya nyuma, umri wake umepita, na yote hayana budi kutoka. Mama alimkata kauli: ya mbele ni kazi ya baba yake, je, anataka kusema baba yake alifanya kazi mbovu? Binti akasema hapana, alifanya kazi nzuri, ila siku zimepita. Mama akasema siku hazijawahi kupita kwenye nyumba hii. Na hapo binti, kwa uchovu zaidi kuliko kwa ukorofi, akalitoa neno ambalo hakulipima.

"Mama, mafuta yale yameshakufa."

Fundi alimtazama. "Habari za kufa usinieleze mimi," alisema, akaingia ndani.

Aliketi kwenye cherehani lake bila kushona. Mguu ulikuwa juu ya kanyagio umetulia, mguu ambao Taratibu aliusifu mbele za watu bila aibu, kwamba mjini kote hakuna mguu unaokanyaga breki sawasawa kama huo, kwa kuwa umefundishwa na cherehani kushuka bila pupa na kusimama ulipoambiwa. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na njia yake: alitaka kumwonyesha yule mtoto kwamba mafuta ni mazima. Atamwaga kidogo kwenye bakuli jeupe, ayaweke mbele ya pua ya muuguzi, tuone atasema nini. Akanyoosha mkono, akaishika chupa kwa mara ya kwanza tangu mumewe alipoiweka.

Kifuniko kilizunguka kwenye vidole vyake bila kukaza hata kidogo. Kilikuwa kimewekwa tu juu, kama mtu anavyofunika sufuria anayoirudia sasa hivi.

Fundi alibaki amekishika. Taratibu alikuwa mtu wa kukaza vitu. Alikaza mabomba ya maji mpaka wake za majirani wakashindwa kuyafungua walipokuja kuomba maji. Alikaza vifuniko vya chupa za dawa mpaka mgonjwa anapona kabla hajafungua. Mtu huyo hakukikaza kifuniko hiki, kwa sababu moyoni mwake alikuwa anakwenda kujinyoosha dakika mbili tatu. Na chupa ilikaa hivyo, mdomo nusu wazi, ikivuta hewa ya chumba, ya mvua na ya pasi ya mvuke, miaka yote ambayo yeye alikuwa anaipangusia vumbi pembeni.

Na ubaya ni kwamba aliyajua yote. Si binti aliyemfundisha kwamba mafuta yale yana kiu. Mumewe alimwimbia wimbo huo kila walipomaliza kazi, maana kila mara chupa ilipobaki na kitu ndani, hata nusu, aliyamimina yale yaliyobaki kwenye dumu la uchafu bila huruma. Mkewe humgombeza: mafuta mazima haya, mkono wako umetoboka? Naye humjibu kwamba yakishafunguliwa yanakunywa unyevu wa hewani, huuoni, ila siku ukiwa katikati ya mteremko na breki imepata moto, maji yale yanachemka humo ndani, mguu unakanyaga, na chini hukuti kitu. Halafu humtazama usoni na kusema, "Na nyuma umekaa wewe." Kila mara hivyo. Alikuwa anaudhi, kwa kweli. Alikuwa anaudhi na alikuwa anapendeza, na mjane wake alikaa pale mbele ya cherehani akalia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa kimegoma kutoka.

Alipotoka uani, binti alikuwa bado kwenye gunia lake, ameinama, hajui aanze kufungasha au asubiri. Mama alimpa chupa na kifuniko chake, kila kimoja mkono wake.

"Hakuifunga," alisema. "Baba yako alijua anarudi."

Binti alivua glavu moja akamshika mama yake kiganja, wakakaa hivyo mpaka mama akajitoa mwenyewe, akasema jua linapanda. Akafungua fundo la nguo, ufunguo ukarudi mahali pake. Ile chupa aliichukua tena, akaimimina yote kwenye dumu la uchafu kwa mkono wake, akaikung'uta, kama alivyokuwa akikung'uta mumewe.

Walianza mbele. Aliyesema waanze mbele ni mama. Binti alifunika tangi kwa matambara, maana mafuta yale yakidondoka kwenye rangi yanaitafuna, akaweka ndoo ya maji karibu ya kusuuzia. Akafungua kifuniko cha kikopo kwenye usukani, akavaa miwani, akalala ubavu. Mama akashika breki ya mkono. Akaminya mara kadhaa, akashikilia. Binti akafungua nati, na yale mafuta ambayo Taratibu aliyaacha meupe kama maji yalishuka kwenye mpira yakiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Mama aliyatazama yote yakipita. Alikuwa amejiandaa kuumia, na aliumia, lakini alishangaa kuona anaumia kama mtu anayetolewa mwiba.

"Haya achia, mama," binti alisema akishafunga.

Mama hakuachia.

Binti alirudia. Akainua kichwa akaiona sura ya mama yake, ameikaza breki mpaka vidole vimeiva, macho yako mbali. Akauliza kwa upole kama anaumwa.

"Sijasikia spana," alisema mama.

Ikabidi mama asimulie tena ile hadithi ya kabati, safari hii na mwisho wake wote, na binti alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akagonga fremu mara mbili. Mkono ukaachia papo hapo, wenyewe, bila kuulizwa.

Kutoka hapo kazi ilitiririka. Shika, fungua, funga, ngo, ngo, achia. Kila baada ya muda mama alichungulia kikopo cha juu na kuamuru kiongezwe mafuta mapya kabla hakijashuka sana, kwa sababu kikikauka upepo unaingia kwa mlango wa mbele na mmefanya kazi ya bure. Majirani waliosikia milio ile ya spana walijua ni nini. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye kabati lake lina mguu mmoja uliovunjika tangu siku ile alipoambiwa aachie, alisimama langoni akatazama kidogo, akaenda zake bila kusalimu, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Yalitoka mafuta meusi kama kahawa, yenye vipande vya uchafu, mafuta ambayo Taratibu alikusudia kuyatoa Jumamosi ile na hakuwahi. Fundi aliketi kwenye kigoda chake cha kushonea, mguu kwenye breki, akakanyaga bila pupa na kusimama alipoambiwa. Mapovu yakatoka, yakapungua, yakaisha. Kwenye mpira pakabaki uzi mmoja mweupe usiokatika. Binti alikaza nati, akafunika kikopo, akasuuza kila kitu kwa maji, akagonga kwa mara ya mwisho.

Mguu ulichelewa kidogo kuachia. Kisha ukaachia.

"Tumemaliza ya nyuma," fundi alisema, na hakuwa anazungumza na binti yake.

Waliijaribu humo humo uani, kwanza injini ikiwa imezimwa, wakiisukuma na kuishika, kisha binti akatia petroli mpya, akaiwasha kwa kiki, akaenda mpaka langoni mwendo wa kobe na kusimama. Breki ilikuwa ngumu na ya uhakika, mbele na nyuma. Chupa mpya ilikuwa imebaki na mafuta kidogo. Binti aliinyanyua akamtazama mama yake bila kuuliza, na mama akaonyesha dumu kwa kidevu. Lile dumu binti alilipeleka gereji, wanakokusanya mafuta machafu. Jioni fundi alipangusa rafu yake yote, na lile duara nalo likafutika.

Jumatatu alfajiri Mke Mwenza alitoka langoni bila shuka. Binti alikuwa amevaa kofia ya baba yake, iliyopunguzwa kwa sponji iliyoshonwa ndani kwa mshono wa mara mbili. Kabla ya kuwasha alibonyeza breki ya mkono, akakanyaga ya mguu, akasikiliza. Mama alikuwa nyuma, ameshika chuma cha kubebea mizigo. Alikuwa anatoa mawaidha. Alisema kwenye ule mteremko asimsemeshe mtu. Alisema aanze breki mapema, asisubiri kona. Alisema apige simu akifika, kisha akasema asipige akiwa njiani, kisha akarudia lile la kona. Injini ilikuwa inanguruma na maneno yalianza kumwishia, lakini chuma hakukiachia. Alijua anakishika. Aliuona mkono wake pale na hakuwa na la kuufanya.

Binti hakugeuka. Alitoa glavu ya mkono mmoja, akainama kidogo, akagonga tangi kwa kiungo cha kidole. Ngo, ngo.

Mama akaachia.